Mgonjwa au Abiria

Dominika aliingia bila hodi, kama jirani anayekuja kumpa pole mgonjwa, akaweka mayai sita juu ya mashine ya kufumia masweta kwa kuwa meza ilijaa nyuzi.

"Pole sana, mwanangu," akamwambia Salome. "Yamekuanza lini?"

"Nini, mama?"

"Hayo maumivu."

Salome akamgeukia mama yake. Cornelia alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, anapuliza moto uliokuwa unawaka vizuri tu, na alikuwa hataki kugeuka.

"Baba yako alitueleza jana baada ya misa," Dominika akaendelea. "Kwamba leo mnashuka kule bondeni, mnafuata tiba. Nikasema lazima nimwone kabla hajaondoka. Huyu niliyembeba mgongoni tangu mtoto, leo aondoke bila hata yai?"

Ni kweli, Dominika alikuwa amembeba Salome mgongoni mara nyingi, zamani, kabla hakijapatikana kiti cha magurudumu. Kwa hiyo Salome alishindwa kumkatisha. Alisema asante. Dominika alimshika paji la uso, akasikia baridi ya kawaida ya asubuhi ya Sumbawanga, akatikisa kichwa kwa huzuni akaenda zake.

Mlango ulipofungwa, Salome aliita, "Baba."

Mzee Kalisti alikuwa nyuma ya nyumba tangu aliposikia sauti ya Dominika. Alirudi ndani polepole akiwa na jembe mkononi, ingawa ulikuwa mwezi wa tisa na hapakuwa na kitu cha kulima.

"Mimi naumwa, baba?"

"Ulitaka niseme nini?" Kalisti akaweka jembe pembeni. "Mzee Mayunga aliniuliza mbele ya watu, mnakwenda kufanya nini bondeni? Mavuno ya mpunga yamekwisha. Msiba hatuna kule, harusi hatuna. Mtu hamsukumi mtoto asiyetembea mpaka stendi bila sababu."

"Sababu ipo. Nataka kuona."

"Hiyo si sababu, Salome. Hiyo ni hamu."

Hamu yenyewe haikuwa kubwa. Hapo ukingoni mwa uwanda wa Ufipa, pale ambapo nchi inakatika ghafla na Bonde la Rukwa linaanza chini, watu wote wa nyumba ile walikuwa wamekwishafika. Kila msimu wa mpunga walishuka kuvuna kwa watu huko Mtowisa, na waliporudi hadithi zilikuwa zilezile: tulisimama ukingoni, tukaliona ziwa lote, tukaona ng'ombe chini kama siafu. Hata mbwa wao alikwishafika. Salome, mwenye miaka ishirini na tisa na mwenye kufuma masweta ya nusu ya wanafunzi wa mtaa ule, alikuwa anakaa kimya katikati ya hadithi hizo kama mgeni aliyealikwa chakula cha watu wasiomjua. Mwaka huu alikuwa amesema: nauli nitalipa mimi, yangu na ya mama, nataka nikaone.

"Na wewe mama ulijua?"

"Nilijua jana usiku," Cornelia akasema. "Nikamwambia baba yako usimwitie mtu ugonjwa. Ugonjwa husikia." Akayachukua mayai, akayatia kwenye sufuria ya maji. "Lakini yameshasemwa. Twende tu, tutarudi, tutasema umepata nafuu."

Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote juu ya mtu anayeficha uzima, na kwa hiyo familia hii ilikuwa imeingia njia ambayo haina hata methali ya kuishikilia.

*

Stendi, kondakta wa basi la Mtowisa alikuwa kijana mwenye kofia ya sufu, jina lake Alex. Alikitazama kiti, akaitazama ngazi ya mlango, akawatazama Kalisti na Cornelia waliokuwa wanahema kwa kusukuma.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Sasa mama, huyu ni mgonjwa au ni abiria?"

Swali lilikuwa la kazi tu. Abiria ana nauli yake, na kiti cha magurudumu ni mzigo, una malipo yake, na tena abiria hukaa anapokuta nafasi, na siku hiyo nafasi zilizobaki zilikuwa za nyuma kabisa, juu ya matairi. Mgonjwa hapigiwi hesabu hizo. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya basi lile, haikuandikwa popote na ilifuatwa kuliko zilizoandikwa.

"Ni abiria," Salome akasema.

"Nilikuwa namwuliza mama, dada."

Cornelia alimtazama mumewe. Kalisti alitazama chini. Nyuma yao watu wenye magunia walianza kusukumana.

"Mgonjwa," Cornelia akasema.

Mambo yakawa mepesi mno. Alex alipiga kelele, "Oya, mshikaji, ondoka hapo mbele, kuna mgonjwa!" Kijana wa kiti cha mbele aliondoka bila kunung'unika. Wanaume wawili wasiojulikana walimwinua Salome kwa upole mkubwa, mmoja akawa anasema taratibu, taratibu, kama wanabeba mayai. Kiti kilikunjwa kikafungwa juu ya keria, bure. Cornelia alipotoa pesa, Alex aliurudisha mkono wake.

"Mama, mgonjwa tena? Lipa yako tu. Mungu amsaidie."

Salome alitaka kukana. Lakini kiti cha mbele kilikuwa kizuri, kioo mbele yake kilikuwa kikubwa, na barabara yote ilionekana mpaka mwisho. Alikuwa hajawahi kukaa mahali pazuri namna ile. Aliona aibu, na akaona raha, na hakujua lipi litangulie. Basi likaondoka na Kalisti akabaki akipunga mkono, mkono wa mtu anayemuaga mgonjwa.

*

Nyuma yao alikaa Lydia, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Mbeya, mwanamke mkarimu ambaye ukarimu wake ulikuwa na maswali mengi.

"Anaumwa nini, mama?"

"Miguu," Cornelia akasema, na huo haukuwa uongo mkubwa.

"Tangu lini?"

"Tangu... imezidi sasa."

"Ehe. Lakini mama, samahani, hospitali mmeiacha mjini. Wagonjwa wa bondeni ndio hupanda kuja mjini. Nyie mnashuka kwenda wapi?"

Abiria wote wa mbele wakatega masikio kusubiri jibu, maana ni kweli, hapakuwa na mtu aliyewahi kuona mgonjwa anayeshuka.

"Ni dawa za kienyeji," Cornelia akasema.

"Kwa nani?"

"Kwa mzee mmoja. Pale ukingoni."

Upande wa pili mwanamume mmoja mwenye koti kubwa la kahawia aligeuza shingo. "Ukingoni ndiko ninakokaa mimi," alisema. "Naitwa Kornel. Mzee gani huyo?"

"Jina... limenitoka."

Kornel alimtazama Cornelia, akaona midomo inatetemeka, akafikiri na kuelewa, na akaelewa vibaya. Wapo waganga ambao majina yao hayatajwi ndani ya basi. Akainamisha kichwa kwa heshima, akasema taratibu, "Basi, mama. Usijali. Mgonjwa haachwi barabarani. Tutampeleka."

"Mama," Salome akanong'ona.

"Nyamaza, mwanangu."

"Mama, wataniuliza mimi."

"Wewe jifanye umelala."

Salome akafumba macho. Ikamjia akilini kwamba alilipia, au alitaka kulipia, safari ya kutazama, na sasa anasafiri amefumba macho. Alitaka kucheka. Ikatoka pumzi tu, na Lydia akasema masikini, maumivu hayo.

*

Kijiji cha mwisho kabla ya mteremko, ambako walishuka, kilikuwa na duka moja na kibanda cha chai. Kabla Cornelia hajapanga la kusema, Kornel alikuwa ameshawaita wanaume watatu kutoka kwenye chai yao, na mmoja, kijana aliyeitwa Jafeti, akarudi na miti miwili na blanketi. Hawakuuliza chochote. Kijijini kwao, kama kwa kina Cornelia, machela ikifungwa mwanaume huacha anachofanya, anatia bega, na halipwi. Ukimtolea pesa umemtukana.

Lydia alitoa kichwa dirishani. "Mungu awatangulie." Basi likaanza kuteremka, likaacha vumbi.

Walimbeba. Kiti cha magurudumu kilibaki kibandani kwa sababu njia ilikuwa ya mawe, na zaidi ya hapo kulikuwa na ngazi za mawe zilizochongwa kwa ajili ya wageni waliokuja kupiga picha. Cornelia alitangulia kuonyesha njia. Kornel alianzisha wimbo wa kumwombea mgonjwa, wengine wakapokea, na wakaimba vizuri, kwa sauti za chini za watu waliozoea kazi hiyo. Salome alilala juu ya machela akitazama mawingu. Machozi yalimtoka yakaingia masikioni. Alikuwa hajawahi kuimbiwa na wanaume wanne, na wimbo ulikuwa wa mtu mwingine.

Walipita nyumba ya mwisho. Wimbo ukapungua. Kornel akasimama, na machela ikasimama naye.

"Mama. Nyumba zimekwisha."

"Bado mbele kidogo, kaka."

"Mbele kuna jabali. Baada ya jabali hakuna kitu. Kuna shimo mpaka bondeni."

Jafeti, aliyekuwa nyuma, alishusha sauti lakini haikutosha. "Kaka Kornel, mimi huko sendi. Mtu mgonjwa, jina la mganga halitajwi, jabalini hakuna mtu. Mimi siyajui mambo haya na sitaki kuyajua."

Wakaitua machela chini, kwa upole uleule, lakini wakarudi nyuma hatua moja. Cornelia alisimama kati yao na mtoto wake. Hakujua amwangalie nani. Akainama karibu na sikio la Salome.

"Sema mgongo unakuuma," akanong'ona. "Si unakuuma? Machela imekuumiza. Sema kidogo tu. Watakupeleka, utaona, tutaondoka. Ukisema hapana watakuacha hapa, na mimi nitakubeba na nini?"

Mgongo ulikuwa unauma kweli. Hilo ndilo lililomchanganya Salome kuliko yote, kwamba uongo ulikuwa umejileta mlangoni ukiwa umevaa nguo za ukweli. Angesema neno moja tu. Jabali lilikuwa pale, aliliona, kijivu, na nyuma yake mbingu inaanza chini kuliko kawaida. Alijiinua kwa viwiko mpaka akaketi.

"Kaka Kornel," alisema. "Mimi siumwi."

"Unasemaje?"

"Siumwi. Miguu yangu iko hivi tangu nina miaka mitatu, imeniacha lakini hainiumi. Hakuna mganga. Nimekuja kulitazama ziwa."

"Kulitazama?"

"Kulitazama."

"Ulifanye nini?"

"Nilitazame tu, kaka. Nyumbani kwetu wote wamelitazama."

Wanaume wanne walitazamana. Jafeti alikuwa wa kwanza kukasirika, kwa sababu ndiye aliyekuwa ameogopa. "Tumeacha chai," alisema. "Tumeimba. Tumetoa mabega yetu kwa ugonjwa ambao haupo."

"Mnisamehe," Salome akasema.

"Mimi ndiye niliyesema," Cornelia akaingilia. "Si yeye. Mimi na baba yake. Tuliona haya."

"Haya ya nini?" Kornel akauliza, na alikuwa anauliza kweli, anataka kujua.

Cornelia alipoitafuta ile haya, pale kwenye jua, mbele ya watu ambao hawakujua lolote la mtaa wao, hakuiona ilipo.

Kornel alivua kofia, akakuna kichwa, akaivaa tena. Alikuwa mtu aliyependa jambo liwe na mahali pake. "Mgonjwa tunambeba bure," alisema polepole, kama anayejihesabia. "Maiti tunaibeba bure. Mama wa uzazi, bure. Huyu si mgonjwa, si maiti." Akamgeukia Salome. "Wewe ni mtalii?"

Hapakuwa na mtu aliyewahi kumwita Salome jina hilo. Alilifikiria.

"Sijui. Labda."

"Kwa sababu watalii hulipa."

Cornelia akashika kifua. "Kaka Kornel, jamani, mtoto mlemavu—"

"Shilingi ngapi?" Salome akauliza.

"Elfu ishirini. Sote wanne, kwenda na kurudi."

"Elfu ishirini kwa njia hii fupi? Wale wageni wa picha mliwabeba?"

"Wale walitembea wenyewe."

"Basi bei hamna, mnaitunga sasa hivi. Elfu nane."

"Dada, wewe ni mzito." Huyo alikuwa Jafeti, na hasira ilikuwa imeshaanza kumtoka, maana mtu hawezi kununa na kupatana bei kwa wakati mmoja. "Kumi na tano."

"Kumi. Na mnisubiri mpaka nitosheke."

"Kumi na mbili, tusubiri."

"Kumi na mbili," Salome akasema, na Cornelia alipomtazama akamkuta amechangamka usoni, kama siku ile alipouza sweta la kwanza.

"Unafurahia kulipishwa?" Cornelia akauliza.

"Sijui, mama. Nadhani."

Wakaibeba machela. Safari hii hawakuimba. Walizungumza mambo yao, bei ya mahindi, nani amehamia Namanyere, na wakamsahau kidogo pale juu ya mabega, na Salome akakaa wima ameshika miti, anatazama mbele.

*

Ziwa halikuonekana.

Ulikuwa mwezi wa tisa, mashamba ya bondeni yalikuwa yanachomwa, na moshi na vumbi vilikuwa vimejaa kule chini mpaka bonde lote limekuwa rangi moja. Walimweka Salome juu ya jabali, mahali salama, Cornelia akamshika kiuno kwa nyuma. Nchi ilikatika mbele ya miguu yake. Chini sana palining'inia mwewe, na Salome akamwona mgongoni, jambo ambalo hakuwahi kulifikiria, kwamba mwewe ana mgongo.

"Liko wapi?"

"Pale," Kornel akanyoosha mkono.

"Pale wapi, si pale," Jafeti akasema. "Liko huku, kulia kwa ule moshi."

"Huo moshi wenyewe ni upi?"

Wakabishana. Wa tatu akasema pale panapong'aa, wa nne akasema hapo ni bati za shule. Waliishi pale siku zote na ikadhihirika kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa amesimama kulitafuta ziwa. Waliliona wakiwa na mizigo kichwani, wakapita. Sasa wote wanne walikuwa wamechuchumaa, wamekinga macho kwa viganja, wanatafuta.

Hatimaye Kornel alisema kwa aibu, "Dada, toa kumi basi. Hujaliona."

"Tulipatana kumi na mbili," Salome akasema, akazihesabu.

*

Basi lilipopanda kurudi jioni, kiti cha mbele kilikuwa na mgonjwa. Msichana mmoja, Violeth, analetwa hospitali na mama yake, homa imemkausha midomo. Alex aliruka chini, akamwona Salome kwenye kiti chake kando ya barabara.

"Umepona, dada?"

"Sikuwa mgonjwa. Hii nauli yangu, ya kurudi. Na hii ya asubuhi."

Alex alizishika noti hizo kama mtu aliyepewa kitu cha kumfikishia mwingine. "Ya asubuhi? Asubuhi si nilikusamehe?"

"Ndiyo. Sasa nimelipa."

Kijana alifikiri, akarudi kwenye kazi anayoijua. "Poa. Basi kama ni abiria, mbele hakuna nafasi, utakaa nyuma. Na hiki kiti ni mzigo. Elfu mbili."

"Kiti hicho ni miguu yangu. Humu ndani umemlipisha nani miguu?"

Mtu akacheka dirishani. Mwingine akasema, kondakta, hapo jibu. Alex alimtazama dereva, na dereva akatazama barabara. Hapakuwa na desturi ya swali lile. Akakipandisha kiti kwenye keria akitikisa kichwa, hakuchukua elfu mbili na hakusema kwamba ameisamehe.

Wakati huu hakuna aliyesema taratibu. Walimwinua haraka, wakampitisha katikati ya magoti na magunia, bega lake likagonga chuma, wakamtupia nyuma juu ya tairi ambako kila shimo la barabara lilikuja lenyewe mpaka kwenye meno. Cornelia hakumfuata mara moja. Alisimama mbele, karibu na Violeth. Akautazama mkono wa yule msichana, uliolegea juu ya paja la mama yake. Akafungua kikapu, akatoa mayai ya Dominika, yaliyochemshwa tangu asubuhi na ambayo hakuna aliyeweza kuyala, akamwekea yule mama mapajani.

"Ya mgonjwa," alisema. "Yalikosea njia."

Alipofika nyuma alimgusa Salome paji la uso. Lilikuwa la baridi. Akamgusa tena.

"Mtaani tutasema nini?" aliuliza.

"Sijui, mama."

"Dominika atauliza."

"Ataniuliza mimi."

Jirani yao kwenye kiti kile alikuwa mzee mwenye kuku wawili. Alimtazama Salome miguu, akamtazama uso, akasogeza kuku wake kumpa nafasi.

"Pole, binti. Unaumwa nini?"

"Shikamoo, baba. Siumwi. Nilikwenda kulitazama ziwa."

"Marahaba. Kulitazama tu?" Basi likawarusha wote watatu na kuku, mzee akawatuliza kuku wake. "Umeliona?"

"Kuna moshi. Nitarudi mwezi wa tano, mvua zikikatika."